Ndege mdogo wa kahawia anayezama bwawani na kutoweka: je, ni kinda la bata?

Kando ya Bwawa aliuliza:

Habari zenu wanajukwaa. Naomba msaada wa kumtambua ndege ambaye amenisumbua akili kwa wiki mbili sasa.

Nimekuwa nikienda asubuhi, kabla jua halijawa kali, kukaa kando ya bwawa moja lenye matete upande mmoja na maji ya wazi upande wa pili. Karibu kila siku ninamkuta ndege mdogo, wa mviringo kama mpira, mwenye rangi ya kahawia iliyokolea mgongoni na iliyofifia ubavuni, akielea peke yake au wakiwa wawili. Mara ya kwanza nilidhani ni kinda la bata lililopotezana na mama yake, kwa sababu hafikii hata nusu ya ukubwa wa bata wa kawaida, na sehemu yake ya nyuma imekatika ghafla kana kwamba mkia ulisahauliwa. Siku zikapita, kinda halikui, wala mama hakutokea.

Kinachonishangaza zaidi ni namna anavyozama. Wakati mwingine hujirusha kidogo mbele, akatanguliza kichwa, na maji yakaruka. Wakati mwingine, hasa ninaposogea karibu, haruki wala hakimbii, bali huanza kushuka polepole palepale alipo mpaka kikabaki kichwa tu, kisha nacho kikazama bila kuacha hata viwimbi vya kutosha kuonyesha kwamba alikuwapo. Ninakodolea macho pale alipozamia, na yeye hatokei pale kamwe. Siku moja aliibuka hatua kama ishirini kutoka nilipokuwa nikimtazamia, na siku nyingine sikumwona tena kabisa. Sijawahi kumwona akiwa angani, na sijawahi kumwona akitembea nchi kavu.

Ningependa kujua ni ndege gani huyu, na zaidi ya jina, ningependa kuelewa anawezaje kushuka majini namna ile kama jiwe linaloteremshwa kwa kamba. Nina picha moja tu. Ndani yake mna duara la mawimbi, na ndege hayumo.

Darubini Kuukuu alijibu:

Ndugu Kando ya Bwawa, picha ya duara la mawimbi kila mmoja wetu anayo, na wengine tunazo nyingi kuliko tunavyopenda kukiri.

Nina wazo kuhusu ndege wako, lakini sitalitaja bado, kwa sababu rangi ya kahawia na tabia ya kuzama havitoshi. Wazamiaji wa maji baridi ni wa koo mbalimbali ambazo hazina undugu wa karibu, na maji yamewafinyanga wakafanana. Tafadhali rudi bwawani utazame mambo manne, na usiishughulishe sana rangi ya mwili, maana hubadilika kwa msimu na kwa umri.

La kwanza ni mdomo: je, ni bapa kama wa bata, umepinda nchani kama ndoano, ni mrefu na mkali kama kisu, au ni mfupi na ulionyooka? La pili ni paji la uso: je, lina kipande cheupe kinachoanzia kwenye mdomo na kupanda juu? La tatu ni jinsi anavyoibuka: je, anaruka juu ya maji kama kizibo cha chupa kilichoachiwa, au anachomoza kimyakimya? La nne ni afanyalo baada ya kuibuka: je, hupanda kwenye gogo na kutandaza mabawa juani?

Ukiweza pia kusikiliza sauti yake, itatusaidia kuliko picha.

Kando ya Bwawa alijibu:

Ahsante sana, mzee Darubini. Nimeazima darubini na nimekaa pale asubuhi tatu.

Mdomo ni mfupi, umenyooka na umechongoka; si bapa hata kidogo. Paji la uso halina weupe wowote. Huibuka kimya, na mara nyingi hukaa juu kwa muda mfupi tu kabla ya kuzama tena. Sijamwona akitandaza mabawa wala akipanda juu ya kitu chochote.

Nimegundua pia jambo ambalo macho matupu hayakulionyesha. Mmoja wa wale wawili ana mashavu na shingo ya mbele yenye rangi nyekundu ya udongo, na kwenye pembe ya mdomo, pale unapokutana na shavu, kuna kidoa cha njano iliyopauka kinachong'aa kama tone la nta. Mwenzake naye anacho, ila kimefifia. Kuhusu sauti, kutoka ndani ya matete nilisikia mlio mkali wa haraka unaopanda na kushuka, kama mtu anayecheka huku akitetemeka kwa baridi, na mwingine akaitikia. Siwezi kuapa kwamba ni wao.

Darubini Kuukuu alijibu:

Unaweza kuapa. Ndege wako ni kibisi mdogo, ambaye wanasayansi wanamwita Tachybaptus ruficollis, na kile kidoa kwenye pembe ya mdomo pamoja na kile kicheko ndivyo vinavyofunga mjadala.

Nieleze kwa nini niliuliza niliyouliza. Kama mdomo ungekuwa umepinda nchani, tungesema ni mnandi, ambaye naye huelea akiwa amezama nusu lakini ni mkubwa zaidi, mweusi kwa kiasi kikubwa, na akishiba hupanda mahali pa juu kukausha mabawa. Kama mdomo ungekuwa mrefu kama kisu na shingo kama ya nyoka, tungesema ni mbizi. Huyo pia huweza kushuka kimya mpaka ibaki shingo tu juu ya maji, na kwa hiyo maelezo yako ya kwanza yalinitia wasiwasi kidogo, lakini mbizi ni ndege mrefu sana na hakuna awezaye kumdhania kinda la bata. Kukuziwa angejulikana kwa ile ngao nyeupe ya paji la uso, na kwa namna anavyorushwa juu na maji kila anapoibuka, kwa sababu amebeba hewa nyingi katika manyoya yake na kwake kuzama ni kazi ya kupigana na maji. Bata wazamiaji wapo, lakini mdomo bapa huwasaliti daima.

Kibisi mdogo ana urefu wa sentimita 25 hadi 29 hivi, na uzito wake mara nyingi ni kati ya gramu 120 na 200. Anapatikana katika sehemu kubwa za Ulaya, Asia na Afrika, kwenye mabwawa, maziwa na mito inayokwenda taratibu, hata kwenye vidimbwi ambavyo mtu hangetegemea kumkuta ndege wa maji. Wakati wa kuzaa, mashavu, koo na shingo ya mbele huwa na ule wekundu uliouona, na kidoa cha mdomoni hung'aa. Msimu huo ukipita, anavaa vazi la kahawia na maziwa lisilo na la kusifiwa, na hapo ndipo watu wengi humwita kinda. Inawezekana kwamba mmoja wa wale wawili ameshavaa vazi la kuzaa na mwenzake yuko nyuma kidogo. Usijaribu kutenganisha dume na jike kwa rangi, kwa kuwa wanafanana. Dume huwa mkubwa kidogo, lakini tofauti hiyo haionekani mpaka wakae bega kwa bega. Rangi ya jicho nayo usiitegemee, kwani wa Asia ya Mashariki wana macho ya njano, ilhali kwingine macho huwa mekundu au ya kahawia iliyokolea.

Jina la kisayansi lenyewe ni maelezo mazuri ya ulichokiona. Tachybaptus limetungwa kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya «mwepesi» na «kuzama», na ruficollis ni Kilatini chenye maana ya «shingo nyekundu». Mtaalamu Peter Simon Pallas ndiye aliyemwelezea kwa jina hilo la pili mwaka 1764.

Mwanamaji alijibu:

Nisamehewe kwa kuingilia kati, lakini nilikokulia sisi ndege wote wa namna hii tulikuwa tukiwaita mbizi, na nadhani tulikuwa na hoja. Tunasema «kupiga mbizi» kwa mtu yeyote anayezama, hatusemi «kupiga kibisi». Iweje leo jina hilo lipewe ndege mmoja mwenye shingo ndefu na wengine wanyang'anywe?

Darubini Kuukuu alijibu:

Hoja yako ina nguvu, ndugu Mwanamaji, na katika mazungumzo ya kawaida sitamsahihisha mtu anayemwita kila mzamiaji mbizi. Tatizo linaanza tunapotaka kuelewana kwa uhakika, kama hapa, ambapo mwenzetu angeambiwa «ni mbizi» na akaenda kutafuta habari za ndege asiyehusika. Ndiyo maana waandishi wa habari za ndege kwa Kiswahili wamemwachia jina la mbizi yule wa jenasi ya Anhinga, mnandi akabaki na jina lake, na kibisi likawa jina la jamii nzima ya Podicipedidae, yenye takriban spishi 20 zilizo hai duniani. Ni mgawanyo wa kufaa, ingawa nakiri kwamba kibisi ndiye anayepiga mbizi kwa ustadi kuliko wote hao na amenyimwa kitenzi.

Unyoya Mmoja alijibu:

Sasa naomba nijibu sehemu ya pili ya swali, ile ya jiwe linaloteremshwa kwa kamba, kwa sababu ndiyo inayonivutia.

Ndege yeyote anayeelea anaelea kwa sababu ya hewa: iliyonaswa katikati ya manyoya, iliyomo katika mapafu, na iliyomo katika vifuko vya hewa vilivyosambaa ndani ya mwili. Kibisi anapotaka kushuka bila kujirusha, huyabana manyoya yake kwenye ngozi ili hewa itoke, na huipunguza ile ya ndani pia. Mwili ukishakuwa mzito karibu sawa na maji yanayouzunguka, hakuna tena kinachomshikilia juu, naye hushuka. Mifupa yake nayo inamsaidia, kwa kuwa haina uwazi mwingi wa hewa kama mifupa ya ndege warukao sana. Kwa maneno mengine, ndege huyu anajirekebisha uzito kila wakati, na ukimtazama kwa makini utaona kwamba hata akiwa ametulia haelei kwa kimo kilekile: akiwa na amani huwa juu kama mpira, akishuku jambo huwa chini kama gogo lililolowa. Mimi huutumia ukaaji huo kujua kama nimemkaribia mno.

Akishakuwa chini, mabawa hayana kazi. Huyabana ubavuni, na mwendo wote unatoka miguuni. Miguu hiyo imewekwa nyuma kabisa ya mwili, mahali ambapo mashua ingewekewa rafadha. Jina la jamii yake, Podicipedidae, linatokana na jenasi ya Podiceps, ambayo jina lake limetungwa kwa maneno ya Kilatini ya «tako» na «mguu», na sidhani kama kuna njia ya heshima zaidi ya kulitafsiri. Sehemu ya mguu iliyo juu ya vidole imebanwa pande mbili kama ubapa wa kisu, kwa hiyo hupasua maji bila kuyazuia. Vidole havikuunganishwa kwa utando kama vya bata, bali kila kimoja kina ngozi bapa pembeni, mfano wa ndewe ya sikio. Mguu unapopiga, ndewe hizo hufunguka na kusukuma maji. Unaporudi, hujikunja na kupita kwa urahisi. Zaidi ya hayo, mguu hauendi mbele na nyuma tu kama kasia, bali huzunguka kwa upande, na ndewe zile hufanya kazi inayokaribiana na ya mapanga ya rafadha. Mkia kwa kuwa karibu haupo, miguu hiyohiyo ndiyo usukani. Ndiyo sababu hatokei pale alipozamia: anaweza kugeuka ghafla chini ya maji, akaelekea kwenye matete, na akatoa kichwa tu katikati ya mimea huku wewe ukikodolea macho maji ya wazi.

Gharama ya umbo hilo unaiona nchi kavu, au kwa hakika huioni, kwa sababu kibisi haendi huko bila ya lazima. Mguu uliowekwa nyuma namna ile haubebi mwili vizuri, naye akitembea hujikwaa na kulala kifudifudi. Kuruka anaweza, lakini lazima kwanza akimbie juu ya maji akipiga mabawa yake mafupi, na akitishwa kwa kawaida huchagua kuzama. Anapohama kutoka bwawa moja kwenda jingine hufanya hivyo usiku, na hapo kuna ajali moja ya kusikitisha inayowapata vibisi wa aina nyingi: barabara ya lami iliyolowa mvua hung'aa kama maji, ndege hutua juu yake, kisha hawezi kuondoka kwa kukosa uso wa maji wa kukimbilia. Mtu akimkuta kibisi amekaa barabarani asidhani kwamba amevunjika miguu. Mara nyingi anachohitaji ni kurudishwa majini.

Kuna pia kipindi ambacho hawezi kuruka kabisa, hata angetaka. Vibisi hupukutisha manyoya ya mabawa yote kwa wakati mmoja, na mpaka mengine yaote hubaki majini kama mabaharia. Spishi mbili, mmoja wa Ziwa Titicaca na mwingine wa Ziwa Junín nchini Peru, wameacha kuruka moja kwa moja.

Muda wa kuzama si mrefu kama tunavyouhisi tunapongoja. Kwa kibisi mdogo mara nyingi ni sekunde 10 hadi 25, na hutafuta chakula katika maji ya kina kifupi, ambako hukamata mabuu ya kereng'ende na wadudu wengine wa majini, viluwiluwi, konokono wadogo, uduvi na samaki wadogo. Hesabu kwa sauti utakapomwona tena, utashangaa jinsi sekunde 20 zinavyoweza kuwa nyingi.

Kando ya Bwawa alijibu:

Ninashukuru kupita kiasi. Nimehesabu: 17, 21, 12, 19. Ile ya 12 aliibuka na kitu mdomoni.

Limezuka jambo jingine ambalo linanitia huzuni kidogo. Pembezoni mwa matete nimeona rundo la majani yaliyooza, kama takataka zilizokusanywa na upepo, na kibisi mmoja alikuwa amelala juu yake. Nilipopiga hatua mbili mbele, alivutavuta majani haraka kwa mdomo, akateleza majini na kupotea. Nilingoja kwa muda, hakurudi. Je, lile ni tago? Na kama ni tago, mbona halikuwa na yai hata moja? Au nimemfukuza akiwa hajataga?

Darubini Kuukuu alijibu:

Ni tago, na kwa jinsi ulivyoeleza ninaamini kwamba mayai yalikuwamo. Kule kuvutavuta majani ndiko kulikoyaficha.

Kibisi hujenga tago linaloelea. Ni rundo la mimea ya majini iliyolowa, limefungwa kwenye matete au kwenye tawi lililozama ili lisichukuliwe na mkondo, na kiini chake kinakaa juu ya maji kwa kimo kidogo tu. Dume na jike hulijenga pamoja na huatamia kwa zamu. Mayai kwa kawaida ni 4 hadi 6. Yanapotagwa huwa meupe, lakini kwa kulala katika majani yanayooza hugeuka ya kahawia siku hadi siku, mpaka ukiyaona mwishoni ungedhani ni ya ndege mwingine. Mzazi anapoondoka huyafunika kwa majani, na kufanya hivyo huyaficha kwa kunguru na wengine wanaotafuta mayai kutoka juu. Majani yanayooza pia hutoa joto kidogo, jambo ambalo huenda likawa msaada anapochelewa. Akiondolewa ghafla mno hukosa nafasi ya kuyafunika. Wako aliipata, na hiyo ina maana kwamba ulisimama mbali kiasi cha kumpa muda, ingawa si mbali kiasi cha kumwacha akae.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mmoja: usirudi upande ule wa matete kwa wiki tatu. Kuatamia huchukua siku 20 au 21 hivi. Tazama kutoka upande wa pili wa bwawa, na uridhike na kuona kidogo. Picha ya tago usiitafute. Kila unapokaribia, mayai hupoa, na kunguru ana akili ya kuwafuata watu kwa macho.

Yakianguliwa, makinda hayatakaa tagoni kwa muda mrefu. Hupanda mgongoni mwa mzazi na kujichimbia chini ya mabawa, na mzazi huogelea nayo huku mwenzake akileta chakula. Wakati mwingine huzama nayo, na yakichomoka njiani huibuka yenyewe kama vizibo.

Mwanamaji alijibu:

Nimekubali kushindwa kuhusu jina, basi niulize swali la mjinga. Nimewahi kusoma kwamba vibisi hula manyoya yao wenyewe. Ni kweli, au ni hadithi za wavuvi?

Unyoya Mmoja alijibu:

Si swali la mjinga hata kidogo, na ni kweli. Kibisi hujing'oa manyoya madogo ya mwili na kuyameza, na wazazi huwalisha makinda manyoya tangu siku za mwanzo. Tumboni manyoya hayo hufanya donge laini kama sufi. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba donge hilo huzuia miiba ya samaki na magamba ya wadudu yasitoboe matumbo, na baadaye hutapikwa pamoja na mabaki hayo, na labda na minyoo pia. Tabia hiyo ni kubwa zaidi kwa spishi zinazokula samaki kwa wingi, na kwa kibisi mdogo, ambaye chakula chake kikuu ni wadudu, huwa ya kiasi.

Kwa kuwa tumefika kwenye maajabu, niongeze moja. Kwa muda mrefu vibisi walihesabiwa kuwa ndugu wa wale wazamiaji wa kaskazini wa jenasi ya Gavia, kwa sababu miguu yao pia iko nyuma na wanaogelea kwa namna ileile. Linnaeus mwenyewe, mtaalamu aliyeweka msingi wa majina ya kisayansi ya viumbe, aliwaweka pamoja. Kuanzia mwaka 2001 uchunguzi wa vinasaba umekuwa ukionyesha kwamba ndugu yao wa karibu zaidi aliye hai ni heroe, ambaye wengi mnamjua kwa jina la flamingo. Yule wa waridi anayesimama kwa miguu mirefu kama fito na huyu wa kahawia asiyeweza kusimama wana babu mmoja. Watu walicheka mwanzoni, kisha wakaanza kutazama upya mifupa na hata mayai, ambayo kwa jamii zote mbili yamepakwa tabaka la nje linalofanana na chokaa, na wakaacha kucheka.

Mwanamaji, umewataja wavuvi, nami siwezi kuwapita. Nyavu za nailoni zisizoonekana majini ni hatari kubwa kwa ndege yeyote anayekamata chakula kwa kuzama, kwa sababu akinaswa chini hana muda wa kujinasua. Kibisi mdogo bado ni wengi na hayumo hatarini kwa ujumla wake. Lakini binamu yake wa Ziwa Alaotra huko Madagaska, Tachybaptus rufolavatus, alitangazwa mwaka 2010 kuwa ametoweka duniani, na nyavu hizo zilikuwa miongoni mwa sababu, pamoja na samaki wa kigeni waliopandikizwa ziwani. Sababu nyingine ni huyuhuyu kibisi mdogo tunayemsifu hapa, ambaye alizaliana na wale wa Alaotra mpaka damu yao ikachanganyika. Sioni namna ya kumlaumu ndege kwa hilo, ila sipendi tumzungumzie kana kwamba ni malaika.

Kando ya Bwawa alijibu:

Nimerudi baada ya kutii amri ya wiki tatu, na siku chache zaidi kwa tahadhari.

Leo asubuhi mzazi mmoja alitoka katika matete akielea chini kuliko kawaida yake, na mgongo wake ulikuwa na nundu. Nilidhani ameumia. Kisha nundu ikatoa kichwa chenye mistari, kikatazama huku na huku, kikarudi chini ya bawa. Kikafuata kingine upande wa pili. Mwenzake aliibuka karibu nao akiwa na mdudu mdomoni, na vichwa vyote viwili vikatoka kwa pamoja. Hayo ndiyo makinda yenyewe, na ni madogo kiasi kwamba naona aibu kukumbuka ndege niliyemwita kinda.

Nilikuwa mbali, upande wa pili wa bwawa, lakini nadhani alinihisi hata hivyo, kwa sababu alianza kushuka majini polepole kama siku zote. Safari hii hakumaliza. Alipofikia pale ambapo maji yaligusa makinda, alisita, akapanda tena kidogo, akageuka na kuogelea kuelekea kwenye matete bila kuzama. Picha ninayo: ni nusu ya mzazi, na kijichwa kimoja chenye mistari.

Nikihesabu vichwa vyote nilivyoona ni viwili tu. Mzee Darubini, ikiwa mayai ni 4 hadi 6, hao wengine watakuwa mgongoni mwa nani?

Darubini Kuukuu alijibu:

Hongera sana. Mayai hayaanguliwi yote siku moja, kwa kuwa mzazi huanza kuatamia kabla hajamaliza kutaga. Huenda mengine bado yako tagoni yakingojea siku yake, kwa hiyo ongeza wiki moja juu ya zile tatu, na ubaki upande huohuo wa bwawa.